Pua ya Mzee Simba

Kusini ya Mto Rufiji, kwenye vitalu vya uwindaji vya Pori la Akiba la Selous, aliishi simba mmoja aliyekuwa hanywi maji kabla hajajitazama pua. Wenziwe walidhani ni maringo. Kumbe pua ya simba mdogo ni ya waridi, na kadiri anavyokua huingia madoa meusi. Wawindaji huyasoma madoa hayo kama karani anavyosoma cheti cha kuzaliwa. Kanuni za Tanzania zinasema simba asiyetimiza miaka 6 asipigwe. Weusi ukishazidi nusu ya pua, hesabu imetimia.

Kaskazini ya mto wageni walikuja kupiga picha. Kusini walikuja kupiga risasi. Mto ni uleule, na mamba wake hawajawahi kumweleza mtu sababu.

Mwaka ambao weusi ulizidi nusu, Fisi, mhasibu wa pori, aliitisha baraza chini ya mkuyu.

"Shikamoo, Mzee Simba."

"Marahaba. Leo una adabu, kuna nini?"

"Mgeni wako amefika. Amelipa leseni, amelipa siku 21 za kitalu. Kwa fedha hizo askari watapata mishahara, mafuta ya gari na buti. Wewe ni mmoja tu, Mzee. Watakaolindwa ni maelfu."

Simba alijikuna shingo. "Kwa hiyo miaka yote hii askari walikuwa wananilinda mpaka nikomae."

"Ukilisema hivyo, Mzee, linakuwa chungu."

Bibi Tembo hakungoja zamu yake. "Katikati ya miaka ya sabini tulihesabiwa humu, tukazidi laki moja. Mwaka 2013 ndege ikapita kutuhesabu, tukakutwa kama elfu 13. Majangili walipokuwa wanatumaliza, wageni wako walikuwa wanalipa. Buti zilikuwa wapi?"

Fisi alifunua daftari. "Basi hamia Kenya, Bibi. Wao walipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kufikia 2016, theluthi mbili ya wanyama wa mbuga zao walikuwa wametoweka. Palipokuwa na pundamilia sasa pana ng'ombe na nyaya za ua. Pori lisiloleta fedha hulimwa mahindi."

Hapo Fisi alikuwa na hoja. Nasema hivyo ingawa simpendi.

Babu Kobe, ambaye hufika barazani hoja zikiwa zimepoa, alitoa kichwa. "Kuna miaka nusu ya mapato ya Selous ilibaki Selous. Askari walikuwa na gari linalowaka. Halafu utaratibu ule ukafa, fedha zikawa zinapanda basi kwenda mjini. Naijua safari hiyo: aendaye mnene hurudi mwembamba. Nauliza tu, za Mzee zitalala wapi?"

Fisi alitazama jua, akasema joto limezidi. Baraza likaahirishwa.

Siku ya tatu, paja la nyati lilikuwa linaning'inia mtini, harufu imetapakaa hadi mtoni. Simba alijua ni chambo. Njaa nayo ilikuwa imejua mengine. Alisimama kwa miguu ya nyuma, akaweka makucha kwenye gome, na mlio ukawa mmoja. Mgeni akapiga magoti kando yake, akamchana manyoya ya shingo kwa vidole, akamfuta damu puani, akatabasamu. Hata kusini, kumbe, picha hupigwa.

Haikupita wiki, dume mwingine akaingia. Alikuta majike matatu na watoto watano wa marehemu. Dume mgeni halei wa mwenziwe. Aliwaua wote watano kabla jua halijapanda.

Fisi aliandika: Simba, 1. Akapiga mstari, akajumlisha.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na huko bunduki za wageni zikanyamaza. Fisi amehamia kitalu kingine, daftari kwapani. Ukimkuta, msalimie, kisha muulize wale watano aliwaandika ukurasa gani.