Nyasi za Landilodi

Mkiniona kwa mama mboga nikinunua sukuma ya ishirini msidhani sina shamba. Ninalo. Liko nyuma ya ploti, pale karibu na kamba za nguo. Halijaota, lakini ni shamba.

Mama watoto ndiye alileta hii maneno. Aliona kwa simu mtu amepanda spinachi ndani ya sanduku la mbao, sanduku limekaa juu ya nyasi, na mwenyewe hakushika jembe hata kidogo. Unafyeka, unatandika katoni, unamwaga mchanga, unapanda. Niliposikia hakuna jembe nikakubali kabla amalize.

Tena hapa mtaani Lucky Summer si pa kuchimba ovyo ukaweka mboga. Jaa la Dandora ni jirani yetu. Mwaka 2007 UNEP, wale watu wa mazingira wa Gigiri, walitangaza walichopata huko: watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwenye damu kupita kiasi. Hata udongo ulikuwa nayo. Kwa hivyo mchanga utoke mbali, ukae juu. Hapo mama watoto alisema ukweli, na mimi sipendi akisema ukweli, inanigharimu.

Sasa hizo nyasi. Ni zile za kikuyu. Kwao ni hizi nyanda zetu za juu, zikapelekwa mpaka Australia na California, na huko kuna wakulima wanaziita gugu. Zinatambaa juu, zinatambaa chini, ukiacha kipande kidogo kinaota tena. Dawa yake ni giza. Katoni zipandane vizuri, jua lisipate hata tundu, nyasi zife, katoni zenyewe zioze, nyungunyungu wamalizie. Kwa simu ilikuwa rahisi.

Nikafyeka na slasha. Keyateka amekaa kwa kiti akiniangalia, ati anachunga nyasi za landilodi.

Kisha katoni. Nani aliwaambia katoni ni takataka? Huku kwetu katoni ni pesa. Nikashika moja nyuma ya duka, kijana akaniambia, "Buda, hizo ziko na wenyewe." Nikalipa. Nikajitwika mzigo kichwani, mchana, barabara kubwa ya Baba Dogo. Nani anakuja? Mchungaji wetu. Akasimama. Akaangalia katoni. Akaangalia viatu vyangu. Akauliza kwa sauti ya chini, ile ya matanga, "Ndugu, kazi iliisha lini?" Nikaanza kumweleza mambo ya spinachi. Akanishika bega, akasema Mungu hamtupi mja wake, akaniwekea mia mbili mfukoni. Nikaziacha hapo hapo, ningefanyaje? Jumapili nikaombewa. Kwa jina.

Jioni nikabandua selotepu na zile pini za chuma, kucha zikaisha. Hizo haziozi, lazima zitoke. Kijana wangu akachora ndege kwa katoni moja akitumia biro yangu ya kazi. Nikatandika, nikamwagia maji mpaka zikalala chapati, nikaweka mawe juu. Nikalala.

Asubuhi katoni hakuna. Mawe yamepangwa kando, moja juu ya lingine. Mwizi ana adabu. Nikakimbia kwa yule mtu wa mizani anayenunua makaratasi. Nikazipata. Ndege ya kijana wangu iko juu kabisa. Akasema hajui ndege, anajua kilo. Na kilo zilikuwa nyingi, kwa sababu ni mimi nilizilowesha! Nikanunua maji yangu, nikanunua ndege ya mtoto wangu, nikarudi nayo.

Safari hii sikungoja. Nikatandika tena, na mabanzi ya sanduku nikagongomea siku hiyo hiyo. Mkokoteni ukaleta mchanga na mbolea ya ng'ombe, ukamwaga getini, ati ndani ni bei nyingine. Mbolea ilikuwa mbichi, bado ina uso wa ng'ombe. Ploti nzima ikafunga madirisha. Mama wa nyumba ya chini akanitumia mtoto aulize kama choo kimepasuka. Usiku ikanyesha, na ule udongo wetu mweusi ukanivua kiatu, nikabeba karai nikiwa na mguu mmoja pekupeku.

Nikapanda miche ya sukuma. Mbolea mbichi inachoma, ndio ninasikia sasa. Hata aliyeniuzia alijua. Mama mboga alijua. Mchungaji alijua. Miche ikageuka rangi ya chai, ikalala.

Lakini pale kwa kona, katoni mbili zilikataa kukutana. Katikati yake nyasi zimetoka. Kijani, nene, zimesimama. Keyateka akaja, akainama, akazipapasa.

"Mzee, hii mbolea ulitoa wapi? Landilodi anataka uweke ploti yote."