Yadi Mbili za Mama Shufaa

Pakiti ya pedi za kitambaa huja na karatasi ya maelekezo, na kwenye karatasi hiyo kuna mstari mmoja unaonifanya niamini kuwa aliyeuandika anaishi nyumba yenye geti. Unasema uanike pedi juani, mahali penye hewa, mpaka zikauke kabisa. Hausemi jua la nani. Nyumba tunayopanga sisi, huku Temeke, jua si tatizo. Tatizo ni kwamba jua lote liko uani, na uani tuko wote: majiko ya mkaa, madumu ya maji, choo cha jumuiya, Mzee Kondo na redio yake, vijana wawili wa chumba cha mwisho ambao hatujajua wanakwenda kazini saa ngapi, na kamba moja ya kuanikia iliyofungwa kutoka msumari wa jikoni mpaka kwenye mpapai.

Kamba ile ina sheria ambazo hakuna aliyeziandika na hakuna asiyezijua. Mashuka na kanga hukaa mbele. Mashati ya kazini katikati. Nguo za ndani za wanawake hukaa nyuma, upande wa ukuta, zimefunikwa na kitu kingine. Hiyo ni chupi, kitu ambacho kila mtu anajua kuwa mwenzake anacho. Kwa pedi hakuna sheria kabisa, maana waliotunga hawakuwahi kudhani kuna mtu atathubutu kuzianika.

Watu huniuliza kwa nini nisinunue tu za dukani, nitumie, nitupe. Nilinunua miaka mingi. Lakini hebu kumbuka yaliyotokea. Julai 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, kwenye taulo za kike. Dukani kwa Mangi bei ikakaa palepale, na nilipomuuliza aliniambia hayo mambo ni ya Dodoma. Mwaka uliofuata Serikali ikairudisha kodi, kwa maelezo kwamba nafuu haikuwafikia wanunuzi. Ni kweli haikutufikia. Dawa yake ikawa kutunyang'anya kile ambacho hatukukipata. Na kwa kuwa rambo zilikuwa zimepigwa marufuku tarehe 1 Juni ya mwaka huohuo, ule mfuko mweusi uliokuwa ukitusitiri kutoka kwa Mangi hadi nyumbani nao ukatoweka. Juni pedi ikavuliwa rambo, Julai ikavishwa kodi. Mimi nikahamia kwenye vitambaa.

Ingawa kusema nimehamia ni kujisifu tu, maana ukoo wetu ulikuwa huko tangu zamani. Somo wangu alinifundisha vipande vya kanga chakavu: vinavyokunjwa, vinavyofuliwa kabla ya adhana ya alfajiri, vinavyotandazwa mvunguni asivione baba, kaka, wala paka. Paka alimtaja kabisa. Kwenye kufua sina neno naye, alijua kazi yake. Kwenye kuanika tumeachana njia. Mvunguni mwa Dar es Salaam, hasa masika, kitambaa hakikauki, kinapoa tu. Unyevu unabaki, kuvu inajialika, halafu binti anajikuna kimyakimya kwa sababu na kujikuna nako ni siri. Jua linapunguza vijidudu, linafifisha madoa, na hakuna anayekuja kulisoma mita mwisho wa mwezi. Somo alichagua sitara. Mimi nataka jua kwanza, sitara ikibaki nitaichukua.

Pakiti ile ya kwanza niliipenda, lakini bei ya kuongeza ya pili ikanipeleka kwa fundi cherehani na mfano mmoja mkononi ili aige. Fundi wetu ana banda kando ya barabara, ubavuni mwa kijiwe cha bao. Nikamwonyesha: juu pamba laini, katikati tabaka za taulo za kunyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji, pembeni mbawa mbili zenye kifungo cha kubana. Akaugeuza, akauvuta, akauinua juani, akauliza ni kitu gani. Mbele ya wazee wa bao ningesema nini? Nikasema ni vitu vya mtoto. Akauliza kama nitapenda aweke na kola.

Alishona vizuri, nisimnyime haki yake. Kwa ile sehemu isiyopitisha maji alitumia nailoni ya mwavuli uliokufa, na mwavuli kwa kweli unafaa, ila una sauti. Ukitembea: chwa, chwa, chwa. Kwenye daladala hakuna anayesikia. Kwenye kikao cha ofisi, kila nilipobadilisha mguu, bosi alitazama dirishani kuona kama mvua imeanza. Kwa upande wa juu, badala ya pamba ile ya mfano, aliweka kitenge chekundu chenye maua meupe, chepesi, cha pamba tupu. Nilimuuliza amekipata wapi. Akasema vipo tu.

Kitenge kipya huchuja rangi. Karatasi inasema suuza mpaka maji yatoke meupe, nami nikasuuza. Maji yakatoka mekundu. Nikasuuza tena, mekundu. Ilikuwa siku ya mgao, maji ya kununua, nami nimechuchumaa chooni namwaga dumu baada ya dumu huku nikiwaza kama nimuite mtu anipeleke hospitali. Kumbe ni maua ya kitenge. Mtu anayetaka kushonesha na akifue kwanza kitambaa peke yake, mara kadhaa, kabla mkasi haujakigusa. Kichuje kinachochuja na kirudi kinachorudi.

Halafu kuna Baba Nuru. Huyu ni mume mwema, tena mwenye bidii, na bidii ndiyo iliyotuponza. Alinikuta nimejilaza na tumbo langu, akaona pedi zimelowekwa kwenye ndoo ya maji baridi, akahukumu kuwa mkewe anafua kivivu. Akachemsha maji. Sasa, damu ina protini, na protini ikikutana na maji ya moto huganda kwenye nyuzi kama yai kwenye kikaango. Hapo hata ufikiche na sabuni ya mche mpaka vidole viote sugu, doa limeshajenga. Maji baridi kwanza, sabuni baadaye, ndivyo mambo yanavyokwenda. Nilipomweleza alinisikiliza kwa makini sana, na mwezi uliofuata akaja na jiki. Nikamzuia mlangoni, kwa sababu jiki hailitafuni doa peke yake, inatafuna na nyuzi. Pasi sikuiwahi. Alikuwa ameshatia mkaa, na nailoni ya mwavuli ilipoguswa ilijikunja ikatoa harufu iliyomtoa Mzee Kondo chumbani kwake kuuliza nani anachoma kandambili. Zile dawa za kulainisha nguo zenye harufu ya maua hakuzifikia kwa kuwa ni ghali, nikashukuru. Huacha utando kwenye kitambaa na pedi ikakataa kunyonya. Nimemsamehe yote. Baba Nuru ni mwana Yanga wa damu, na nadhani nusu ya bidii ile ilikuwa kutaka kuuondoa ule wekundu nyumbani kwake.

(Wa kumsamehe mwingine ni kibaka wa Mbagala aliyenichomolea kipochi kwenye daladala. Kipochi kizuri, cha zipu, kimetuna. Ndimo ninamoweka pedi iliyotumika nikiwa njiani, imekunjwa na kubanwa na kifungo chake mwenyewe. Sikupiga kelele. Nilimtakia safari njema.)

Tuje kwenye kuanika. Nilianza kwa Jumamosi saa nne, wanaume wakishatawanyika kwenda sokoni na vijiweni. Upande wa ukuta, vibanio viwili kila moja, nazo zinakauka upesi ajabu. Jumamosi moja nikatoka kwenda kuanua nikakuta vibanio vimekaa kambani peke yake. Nikawaza upepo. Nikawaza kuku. Kisha nikawaza lile ambalo kila mwanamke aliyefundwa na somo huliwaza kitambaa cha aina ile kikipotea, nikaanza kuhesabu nimegombana na nani. Nikamwita Nuru, hayupo. Nikafuata kelele mpaka kiwanjani.

Watoto wa mtaa walikuwa kwenye mechi. Timu moja ilikuwa imezifunga pedi zangu miguuni, juu ya soksi, nailoni kwa ndani na maua kwa nje, mbawa zimeuzunguka mguu, kifungo kimebana nyuma. Zimewakaa! Fundi angeziona angetoa machozi. Mjukuu wa Mzee Kondo, ambaye ni kipa na ana miguu minene, zilimkataa, akazivaa mikononi. Na Nuru, binti yangu wa kuzaa, alikuwa amesimama pembeni na beseni: yeye ndiye mtunza vifaa. Kwa ajili ya ule wekundu na weupe timu ilikuwa imeshajipa jina la Simba.

Wanaume waliokuwa wakitazama walifurahi sana. Mmoja alisema watoto wa siku hizi wana bahati, enzi zake walikuwa wakifunga maboksi. Dada wawili wa mihogo ya kukaanga walinitazama, wakatazama uwanja, kisha wakainamia makarai yao mabega yakiwatikisika. Ningefanyaje? Kuzidai ni kutaja jina lake. Nikakaa chini nikatazama mpira. Wetu walishinda, sitaki kudanganya, nilishangilia bao la pili.

Tangu siku ile nikawa natandika kanga juu ya pedi kambani. Kanga nyepesi, iliyochakaa, ili jua lipenye. Ila kanga ina maneno, na ile iliyokuwa karibu ilisema: Ya kwako yamekushinda, yangu utayaweza? Na upande wenye maneno ukatazama mlango wa jirani yetu, Mama Shufaa. Mtu wa Pwani ukimwanikia kanga mbele ya mlango wake umemwandikia barua. Jioni ile Mama Shufaa hakuitikia shikamoo yangu. Kesho yake akapita na ndoo kichwani akiimba wimbo usio na jina. Nikajua kuna jambo, sikujua lipi.

Jumamosi iliyofuata uvumilivu ukamwisha. Akatoka kuja kunisuta, na kwa kuwa yeye ni mtu wa ushahidi, akaivuta kwanza ile kanga kutoka kambani aje nayo. Nami nipo dirishani. Kanga ikatoka, zikabaki zenyewe juani, safu nzima, maua meupe yakicheka. Mama Shufaa akasimama. Akachukua moja, akaifungua kifungo, akaisogeza karibu na macho. Nikajitayarisha kwa maneno.

“Mama Nuru! Hii si sare ya harusi ya Shufaa?”

Nikatoka.

“Fundi aliniambia kitambaa kimepungua,” akasema, sauti inapanda. “Nikaenda Kariakoo kuongeza yadi mbili. Nimekopa kikoba kwa ajili ya yadi zile, na mpaka leo nalipa! Hivi ni vitu gani, mwanangu?”

“Ni vya siku zetu, mama.”

“Ala! Na vinahimili?”

“Vinahimili.”

“Nipe viwili.”

“Vya kuvaa?”

“Vya ushahidi.”

Nilimbembeleza mpaka mlango wa nje. Nikamshika mkono, nikamwambia mama, tuongee ndani, mambo mengine hayatoki barabarani. Alikuwa ameshatoka. Nilipofika bandani alikuwa amesimama mbele ya cherehani, pedi moja kila mkono, ameziinua juu, na wazee wa bao wameacha kete.

“Fundi, hiki kitambaa umekitoa wapi?”

Fundi akatazama mkono wa kulia, akatazama wa kushoto. “Hivyo... ni vitu vya mtoto wa Mama Nuru.”

“Sikukuuliza ni vya nani! Nimeuliza kitambaa!”

Watu wakaanza kusogea. Muuza kahawa akatua birika. Mmoja akauliza hicho ni kitu gani hasa, na mwingine akasema kitakuwa cha kushikia sufuria. Ndipo Mzee Kondo akavaa miwani, akanyoosha shingo, na kwa sauti ya mtu aliyesafiri akasema, “Hicho ni kikinga-ugoko. Mjukuu wangu anavyo.”

“Naam!” akadakia fundi, kama aliyeokolewa baharini. “Vikinga-ugoko!”

Mama Shufaa akanigeukia. Nikamtazama kwa macho ya kumwomba. Akakaza midomo, pua ikamtetemeka, akameza kilichotaka kutoka. “Viwe vya ugoko, viwe vya goti,” akasema, “mimi nataka yadi zangu.”

Walielewana kwa kazi badala ya fedha. Fundi alikuwa na mabaki ya kutosha ya sare ile, zaidi ya yadi mbili kama unavyodhani, akakubali kumshonea Mama Shufaa dazeni ya vikinga-ugoko, vya kwake, vya Shufaa na vya wadogo zake. Alipoandika oda kwenye daftari aliuliza, kwa heshima, kama kweli familia nzima wanacheza.

“Familia nzima,” akajibu Mama Shufaa.

Siku hizi fundi akiniona ananiulizia timu. Nimemwambia tunacheza kila mwezi. Juzi akamuuliza Mama Shufaa mbona oda mpya haina vya Shufaa, na mama mtu akamwambia Shufaa amepumzishwa miezi tisa.

“Masikini,” akasema fundi. “Goti?”