Kwa Mwoga Kicheko

Kanuni ya kwanza ya safari za mabasi ya mikoani ni kwamba dereva hajui kuendesha. Kanuni ya pili ni kwamba abiria wote wanajua. Jua likiwaka kanuni hizi hazimdhuru mtu. Watu hukosoa gia, hukosoa breki, hula mahindi yao ya kuchoma wakalala. Balaa huanza wingu likitanda. Maji yakishapita juu ya barabara, kila kiti huota usukani.

Hayo niliyaona njia ya Kusini, Dar es Salaam kwenda Lindi, wakati wa masika. Njia ile na maji wanajuana. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, wilaya ya Kilwa, magari yakabaki yanaangaliana, ya huku na ya kule. Ungedhani baada ya hapo msafiri wa Lindi angekuwa na adabu mbele ya maji. Thubutu!

Tena hatukukosa kuambiwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imetoa taarifa tangu jana yake. Taarifa zao za hatari huja kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Yetu ilikuwa ya njano. Kijana mmoja aliyevaa jezi ya Simba akaisoma kwenye simu kwa sauti, basi zima likasikia. Jirani yake, Yanga wa kuzaliwa, akasema hakuna jambo baya lililowahi kutoka kwenye njano, la kuogopa ni nyekundu. Habari ya hali ya hewa ikafia hapo, ukaanza mpira, na Daraja la Mkapa tukalivuka bila mtu kuutupia jicho Mto Rufiji uliokuwa umevimba chini yetu.

Tulipopita Somanga, kabla ya Nangurukuru, barabara ikashuka bondeni, na bondeni hapakuwa na barabara. Palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakatiza kutoka kulia kwenda kushoto, yakiburuta majani na matawi. Kiangazi, wenyeji walituambia, mbuzi huvuka pale bila kulowa magoti. Dereva akasimama. Hakusema neno. Akarudi kinyumenyume hadi juu ya mwinuko, akazima injini, akafungua chupa yake ya chai.

Kilichowaudhi watu ni kwamba juu yetu palikuwa na manyunyu tu. "Mvua yenyewe iko wapi?" akauliza mmoja, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Swali zuri, ila jibu lake lilikuwa mbali: mvua ile ilikuwa imenyesha bara, kwenye vilima tusivyoviona, saa kadhaa kabla. Mto haungoji wingu lifike kwako. Unaweza kusimama juani ukachukuliwa na mvua ya kijiji cha watu wengine.

Basini tulikuwa na kungwi, bibi mmoja anayekwenda Lindi kwenye harusi, ulimi wake mkali kuliko wembe. Akaita kutoka kiti cha nyuma ya dereva:

"We dereva, unaogopa maji. Kwani huogi?"

"Naoga, Bibi," dereva akajibu bila kugeuka. "Ila huwa siingii bafuni na watu hamsini."

Tulicheka, lakini cheko lile liligawanyika. Wachache walicheka na dereva, wengi walimcheka. Wahenga walikwishanena kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Hawakusema kicheko hicho huwa kikali kiasi gani kikitoka kwa watu wenye njaa, na mmoja wao anawahi harusi.

Dereva akashuka, akavunja kijiti, akakichomeka kwenye udongo pale hasa maji yalipoishia. "Kikizama, maji yanapanda," alisema. "Kikibaki nchi kavu, yanashuka. Mwenye swali akiulize kijiti." Akarudi kwenye chai yake.

Sijapata kuona kijiti kikitazamwa vile. Watu walichuchumaa wakakizunguka, wakakitolea maoni. Waliwekeana dau: soda kwa soda. Sasa, katika msafara wa ile harusi alikuwamo mjomba wa bwana harusi, naye ndiye aliyekabidhiwa suti ya bwana harusi, imo ndani ya mfuko wa plastiki, anauning'iniza, mkono juu, tangu Mbagala ili isikunjamane. Mjomba yule alizunguka, akajifanya anatazama mandhari. Punde tukasikia kelele za furaha: maji yameshuka! Kijiti kiko hatua mbili nchi kavu! Watu wakaanza kupanda basi. Mtoto wa kike, hajafika hata umri wa shule, akasema kwa ile sauti ya watoto isiyojua kunong'ona:

"Mama, yule baba mwenye nguo amekihamisha."

"Nilikuwa nakinyoosha," mjomba akasema.

Mvua yenyewe ikatufikia wakati huo, na ngurumo nyuma yake. Nusu ya abiria wakakimbilia chini ya mwembe. Dereva, ambaye mpaka hapo hakuwa amenyanyua sauti, alipiga honi mfululizo hadi wote wakarudi. Radi hupenda kilicho kirefu na kilichosimama peke yake, na mwembe ule ulikuwa vyote viwili. Ndani ya basi mtu yuko salama zaidi, madirisha yakifungwa na mikono ikiacha kushika vyuma. Wengi husema ni kwa sababu ya matairi ya mpira. Sivyo. Ni ile bodi ya chuma inayoupitisha umeme kwa nje mpaka ardhini. Na kama unataka kujua radi iko umbali gani, hesabu sekunde tangu umeme umulike hadi ngurumo isikike, ugawe kwa tatu: ndizo kilomita. Yetu ilikuwa kwenye sita nilipoanza kuhesabu, ikaja nne, kisha mbili, nikaacha kuhesabu kwa sababu ya afya yangu.

Bibi kungwi hakuwa na haja na hesabu. Yeye aliagiza vioo vyote vifunikwe, kama alivyofundishwa utotoni, akavua kanga yake ya juu, akamtuma konda aifunge kwenye kioo cha ndani cha dereva. Kisha macho yake yakatua kwenye jezi ya Simba.

"Wewe mwenye nyekundu! Vua hiyo, utatuua!"

Kijana akapinga. Jirani yake wa Yanga, kwa moyo wa upendo usio wa kawaida, akajitolea kumsaidia kuivua. Ukazuka mvutano, na mwishowe wakapatana aigeuze ndani nje. Akaigeuza. Ikabaki nyekundu. Niwahakikishie mashabiki wa pande zote kwamba radi haina timu, na kwamba kioo hakiiiti. Ila kanga ile ilifanya kazi moja nzuri, dereva hakuweza tena kuona tunavyomkunjia sura.

Ngurumo zilipokwisha tulikaa ndani karibu nusu saa zaidi, kwa amri yake, maana radi ya mwisho mara nyingi huwa haijui kuwa ni ya mwisho. Tuliposhuka tulikuta biashara imeshafunguliwa. Vijana wa kijiji cha jirani walikuwa wanajitolea kuvusha watu mgongoni, bei kwa uzito, uzito kwa kukadiria kwa macho. Bibi alitajiwa bei yake akaichukulia kuwa tusi. Mjomba akakubali, akaanza kupandisha suruali. Dereva alimwambia maji yanayokimbia hayahitaji kufika kiunoni: yakivuka kifundo cha mguu kidogo tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na anayembeba mjomba ataanguka na mjomba. Mjomba akasema harusi haisubiri.

Hapo ndipo lilipokuja Fuso la magodoro.

Lilitupita kwa mbwembwe, honi juu, utingo akitupungia mkono dirishani. Basi zima likageuka kumtazama dereva wetu: umeona wanaume? Fuso likaingia majini. Lilifika katikati. Kisha, bila haraka, likaanza kwenda kushoto.

Nimeyafikiria sana magodoro yale. Ni mzigo unaojaza lori mpaka juu na hauna uzito wowote wa maana. Maji ya sentimita 30 hivi yanatosha kuliinua gari dogo, na ya 60 huyachukua magari mengi. Ukubwa wa gari haukusaidii kama ndani yake umebeba hewa. Na basi letu, ukilitazama vizuri, ni nini kama si sanduku la hewa lenye viti? Fuso liliegemea ukingo wa barabara likakwama. Dereva wake na utingo wakapanda juu ya mzigo. Vijana wa migongo walitaka kuwafuata majini, dereva wetu akawazuia. Wakarusha kamba kutoka nchi kavu, na jamaa wakavutwa mmoja mmoja, wamelowa, wazima. Magodoro yakaanza kuondoka moja moja kuelekea Bahari ya Hindi.

Mjomba alishusha suruali.

Ukimya ulidumu kidogo, kisha busara ikaanza kumwagika. "Mimi nilisema," akasema yule aliyeulizia mvua. "Niliyaona mapema," akasema Bibi. Hata yule Yanga alikumbuka kwamba angalizo ni angalizo. Dereva hakuwasikiliza. Alitaka tugeuze mara moja turudi Somanga, kabla mabonde tuliyoyaacha nyuma nayo hayajajaa tukabaki kisiwani.

Tukalala Somanga, ndani ya basi. Wauza samaki walituona tunarudi, wakapandisha bei kabla hatujashuka. Mjomba alipiga simu Lindi. Harusi ilifungwa bila suti, bwana harusi amevaa kanzu ya kuazima, na kwa maelezo ya wote alipendeza kuliko ambavyo suti ile ingemfanya. Mjomba alikula samaki wake kwa huzuni, mkono mmoja bado juu.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, kijiti kimebaki peke yake kwenye tope. Na upande wetu, pale ambapo magurudumu ya kushoto yangepita, lami ilikuwa imeliwa kwa chini, shimo limekaa kimya. Jana yake lilikuwa limefunikwa na ile chai ya maziwa. Watu walilitazama wakirudi mmoja mmoja kwenye viti. Bibi alilitazama muda mrefu kuliko wote, akapanda basi, akamfunulia dereva kioo chake, akauliza kwa sauti ya kazi:

"Mwanangu, umeoa?"

Basi, msafiri mwenzangu, masika ikikukuta njiani na dereva akasimama, mwache asimame. Ukiona mtu amenasa majini, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Piga, tafuta kamba, usijitose. Mengine yote, pamoja na harusi, yatasubiri. Mnunulie dereva soda. Na kijiti chake usikiguse.