Upepo Hauna Pochi

Mwaka 1934 kampuni ya Chrysler ilileta Airflow, gari ambalo umbo lake lilitokana na majaribio ya kupuliziwa upepo. Wamarekani wakalitazama, wakaguna. Baada ya 1937 halikuundwa tena. Watetezi watasema matoleo ya kwanza yalitoka kiwandani na kasoro. Kweli, lakini kasoro hurekebishwa. Sura ndiyo haikusamehewa. Ilibidi mafuta yapande bei mwaka 1973 ndipo wanunuzi watambue kuwa hewa nayo hukinza, na mwaka 1982 Audi ikajigamba kwamba kipimo cha ukinzani wa hewa cha gari lake la Audi 100 kimeshuka hadi 0.30. Leo mafuta hayagawiwi bure, ila wengi wamerudia magari yenye kimo cha kabati. Tusiwalaumu wahandisi: wao wanashindana na upepo, mnunuzi anashindana na jirani.