Muundi Usio na Bendeji

Hapa Bukoba mtu mzima akionekana anakimbia alfajiri, watu huangalia kwanza nyuma yake. Wakikosa mbwa, wakakosa mgambo, wakamkosa na mke, ndipo wanapomuuliza amefiwa na nani. Mimi nilikuwa najibu, "Presha tu jamani," huku natweta. Muuguzi wa zahanati alikuwa amenipima, akalitazama tumbo langu, akasema, "Baba, anza mazoezi." Nikachagua kukimbia kwa sababu ni bure.

Hiyo bure ilianza na raba za mtumba. Zilikuwa za rangi ya chungwa, zinapendeza, ila soli zilishamalizia utumishi wao Ulaya na kwangu zilikuja kustaafu. Na mji wenyewe haukujengwa kwa ajili ya wanafunzi wa mbio. Ukitoka Rwamishenye kuteremka mjini, miguu hujiendesha yenyewe. Tambarare unaipata ufukweni, na hapo hapo ndipo unapokumbuka kwamba kwako ni juu. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kwetu hata chini ni juu.

Haukupita muda, miundi ikaanza. Maumivu yalikaa upande wa ndani wa mguu, kuanzia juu kidogo ya kifundo, kama mtu anayepiga mfupa msasa taratibu. Nikianza kukimbia yanakuja, nikipata joto yanapungua, jioni nikikaa yanarudi na deni lake. Kibaya zaidi, ukiutazama mguu huoni kitu. Hakuna uvimbe wala mchubuko. Ugonjwa wa namna hiyo kwetu hauna heshima.

Niliuthibitisha ukweli huo Kamachumu, wilayani Muleba, nilikokwenda kwenye kikao cha harusi. Nilipoingia nikichechemea, kikao kiliacha bajeti ya vinywaji na kuhamia miguuni kwangu. Mmoja akasema gauti, niache nyama. Mwingine akasema nimekanyaga kitu, na alivyolitamka hilo neno "kitu", wote tukaelewa si msumari. Shangazi akaukamata muundi wangu, akaubinya mpaka nikaruka, kisha akauliza kwa masikitiko, "Mwanangu, mbona hakuna kitu?"

Baba mdogo, mwalimu mstaafu na nshomile, yaani msomi, wa kweli kweli, akasafisha koo. "Kijana wangu," akasema, "mkoa huu ulitoa Kardinali Laurean Rugambwa mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kufika cheo hicho. Mbio tuliwaachia wenye mbio. Filbert Bayi ni wa Karatu. Simbu, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, ni wa Singida. Wewe wa Kamachumu, nani alikutuma?"

Nikajitetea kwa John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, lakini akaendelea hadi mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Mzee hakuchelewa. "Picha yake ninaijua. Akhwari alikuwa na bendeji. Yako iko wapi?"

Kikao kikarudi kwenye vinywaji.

Niliporudi mjini nikamwona mtaalamu wa fiziotherapia. Huyu alau aliniamini. Alinieleza kwamba mfupa ukitwishwa mzigo mpya hujijenga upya, ila hufanya hivyo kwa mwendo wake. Ukiuharakisha kwa mbio, mteremko na soli iliyokufa, utando wake na misuli inayouvuta huanza kulalamika. Akapapasa. Maumivu yakiwa sehemu moja ndogo ya kufunikwa na ncha ya kidole, au yakikuamsha usiku, huenda mfupa una ufa, upigwe picha. Yangu yalienea urefu wa kiganja kizima. Basi nipunguze mbio, nichanganye kukimbia na kutembea, nitafute nyasi, niinue visigino kwenye ngazi kuimarisha misuli, ninunue raba zenye uhai. Na jioni, barafu robo saa.

Kwangu hakuna friji. Barafu ya uhakika iko kwenye mialo ya samaki, na sikutaka kulala nanukia sangara, paka wote wa mtaa wakinisubiri mlangoni. Nikaenda dukani nikanunua barafu za watoto, zile za kwenye nailoni, za rangi nyekundu kwa kuwa ndizo zilizobaki. Nikazifungia kwenye mguu kwa kanga ya mke wangu, nikakaa barazani.

Nailoni haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ilipasuka, na wekundu ukashuka kutoka kwenye kanga mpaka kwenye kandambili. Jirani aliyekuwa anapita akapiga ukelele wa "Yesu na Maria!" Kabla sijafungua mdomo, baraza lilikuwa limejaa. Yule aliyekwisha kuniambia naumwa uvivu alinishikia mguu kwa mikono miwili. Mwingine alileta chai. Nilijaribu kusema ni barafu, wakanyamazishana: maskini, ameanza kuweweseka. Mtoto mmoja alichovya kidole, akalamba, akatangaza kwamba ni stroberi. Akafukuzwa akacheze kwao.

Kesho yake habari ilikuwa Kamachumu. Shangazi alinipigia analia, ananiomba radhi kwa ule ubinyaji, na mchana haisi ikashusha mkungu wa ndizi wenye jina langu. Jioni akapiga tena: je, damu imekata? Nikamwambia imekata, shangazi, ila mguu bado hauna nguvu.

Akauliza kama kuku atafaa. Nikasema huenda akafaa.