Minyoo ya Watoto, Ujuaji wa Wakubwa

Mtaani kwetu mtoto haruhusiwi kuumwa kitu kingine zaidi ya minyoo. Akisaga meno usiku, minyoo. Akimwaga udenda kwenye mto, minyoo. Akila sana, ana minyoo inayomlia chakula chake. Akikataa kula, ana minyoo iliyokwisha kushiba. Akitoka mabaka meupe usoni, ni hiyo hiyo. Akifeli hesabu, linabonyezwa tumbo kabla ya kufunuliwa daftari. Na akiomba sukari kwenye uji anaambiwa sukari inazaa minyoo, na anayemwambia yuko kwenye kijiko cha tatu cha chai yake mwenyewe.

Sibishi kwamba minyoo ipo. Ipo tele: ile mirefu ya mviringo, ile midogo inayowasha makalio usiku, na ile ya safura inayopenya ngozi ya mguu mtupu ikaenda kunyonya damu utumboni. Kinachonikera ni wingi wa mabingwa. Daktari wa kweli unampangia foleni tangu alfajiri, lakini bingwa wa minyoo humkosi kwenye kibaraza chochote.

Wa kwetu ni shangazi yake mama watoto, aliyekuja kutusalimia na mpaka leo hajamaliza salamu. Kwake yeye dawa ya dukani ni ya wavivu. Alianza na mbegu za papai, akafuatisha mwarobaini wa kuchemsha, mpaka kitinda mimba wangu akawa anakimbilia uvunguni kila akisikia mfuniko wa sufuria. Nikaona yaishe, nikaenda duka la dawa.

Binti muuzaji akaniuliza, "Baba, mtoto ana umri gani?" Nikamwambia miaka mitatu. Basi, akasema, ni albendazole ya miligramu 400, kidonge kimoja, mara moja, imekwisha. Angekuwa na mwaka mmoja na hajatimiza miwili, angepewa nusu, miligramu 200. Aliye chini ya mwaka asipewe kiholela, na mama mwenye mimba changa asiiguse. Bei yake haifiki sahani ya chipsi mayai. Nikamuuliza kama hakuna dozi ya wiki nzima, au sindano, maana sisi ugonjwa tusiouingilia gharama huwa hatuuheshimu. Akacheka. "Baba, kisageni, mchanganye na maji kidogo. Akilia msimlazimishe, atapaliwa."

Mama watoto akakisaga kidonge katikati ya vijiko viwili, ukabaki unga mweupe, akautia matone ya maji. Mtoto kakaa mkekani, midomo kaibana. Shangazi kutoka jikoni: "Mlaze chali! Mbane pua!" Nikamwambia shangazi, kwa heshima zote, mtoto tunataka atoke na dawa tumboni, si mapafuni. Mama watoto akamtania, mtoto akacheka, kijiko kikapita. Zoezi zima lilichukua muda mfupi kuliko ubishi wake.

Kesho yake asubuhi nikamkuta shangazi uani kaliinamia poti, kijiti mkononi, miwani kavaa. Anachokoa upande huu, anachokoa ule. "Baba, hapa hamna kitu. Umeuziwa feki." Nikamweleza kwamba dawa hii humnyima mnyoo sukari anayoitegemea, anaishiwa nguvu taratibu, na yaweza kuchukua siku kadhaa kabla hajatoka. Mingine ni midogo mno, ikitoka huioni hata uvae miwani miwili. Hakuridhika. Shangazi anataka maiti.

Mimi wanaoniudhi si hao wanaokufa, ni hao wanaotaga. Mnyoo jike wa mviringo hutaga mpaka mayai 200,000 kwa siku. Nina kuku uani ninaowalisha pumba na dagaa, na yai moja nalisubiri kama mshahara. Huyu halishwi na mtu, hana banda, na uzalishaji wake kiwanda hakiufikii. Yai lake likitua ardhini linakaa wiki chache likipevuka, kisha linaweza kusubiri miezi, hata miaka, mpaka mkono wa mtoto ulichukue mchangani na kulipeleka mdomoni. Likianguliwa tumboni, kifaranga chake kinatoboa utumbo, kinapita ini, kinafika mapafuni, kinapanda kooni, kinamezwa tena, na kinarudi utumboni kilikotoka. Mzunguko wote huo, na hakuna hata aliyekituma.

Sasa hayo mayai yanafikaje mchangani? Hapa ndipo ninapomkumbuka jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Huyu bwana, shule ilipotangaza siku ya kingatiba, alimfungia mwanawe ndani. Kisa? Vidonge ni vya bure, na cha bure kina jambo. Eti vinazuia uzazi. Kwamba albendazole hiyo hutolewa msaada na kampuni ya dawa ya GSK kupitia Shirika la Afya Duniani, kwake huo ndio ushahidi wenyewe. Huyu huyu msimu wa kampeni alipokea fulana, kofia na kanga mbili, na sikumsikia akiuliza kwa nini ni vya bure.

Wa kwangu alikwenda, kashiba uji, maana walimu walisisitiza mtoto asije na njaa. Siku hiyo walitoa na praziquantel ya kichocho, ambayo vidonge vyake huhesabiwa kwa urefu wa mtoto kwenye ufito wenye alama. Mwanangu wa darasa la tatu, kwa kupenda ukubwa, akasimama kwa ncha za vidole. Mwalimu akamkandamiza mabega mpaka visigino vikagusa chini. Vingemkomesha, maana ni vikubwa na vichungu.

Basi jirani yangu, mlinzi wa vizazi, mvua za masika zikianza usiku anatoka na koleo kutapisha choo. Anafungulia shimo, mvua inabeba, asubuhi uchochoro mzima una mzigo wake, na jua likiwaka watoto wanacheza kombolela papo hapo, pekupeku. Mimi nanunua kidonge, yeye anagawa mbegu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata faida ananinyang'anya. Wachumi Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, Kenya, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto wasiomeza walinufaika, kwa kuwa wenzao waliomeza waliacha kueneza mayai. Wasomi bado wanalumbana kuhusu ukubwa wa faida hiyo. Kremer mwenyewe alipata Nobel ya uchumi 2019, pamoja na wenzake wawili, kwa kazi za namna hiyo. Kwa hiyo mwanangu akimeza, wa jirani anapona. Jirani akitapisha choo, wangu anaugua. Biashara gani hii?

Na ukiwaambia wakubwa nao wameze, wanacheka: minyoo ni ya watoto. Wakati safura mara nyingi huwajaa zaidi watu wazima, hawa hawa wanaolima mabonde ya mchicha bila viatu kisha wanalalamika kizunguzungu na kusingizia uzee.

Kidonge kimefanya kazi yake: kimesafisha tumbo. Uchochoro hakiufikii, na kukitaka kifike huko ni kukionea. Kwa hiyo watoto wataendelea kumeza, mwaka hadi mwaka, kwa niaba ya mashimo ya baba zao. Mshauri mwingine wa tumbo la mwanangu akibisha hodi, karibu sana. Ila ukaguzi tutauanzia chooni kwake.