Mdhamini wa Starehe za Watu

Kumpendekezea mtu filamu ni kama kumdhamini mkopo. Mambo yakienda vizuri hakuna anayekukumbuka. Yakiharibika, mlango unaogongwa ni wako. Katika ukoo wetu mlango huo ni wangu, kwa kuwa inasemekana nina jicho la filamu na sikio la muziki, cheo nilichopewa bila kuomba na kisicho na posho. Mtu akipata Jumamosi isiyo na msiba wala harusi, ananipigia: "Hebu nipe kitu kizuri." Hasemi kizuri kwa nani, wala nani atakuwa amekaa pembeni yake. Kisha lawama zote zinaletwa kwangu, nami nasema mapema kabisa kwamba sizipokei.

Baba mkubwa, mstaafu wa reli, aliniomba filamu ya anga za juu "yenye akili, siyo hizo za kupigana bunduki za taa." Nikampa *2001: A Space Odyssey* ya Stanley Kubrick. Ilitoka mwaka 1968, binadamu akiwa bado hajakanyaga mwezini, na mpaka leo vyombo vyake vya angani vinaaminika kuliko vingi vya filamu za juzi. Ila ina tabia zake. Inaanza na giza tupu na muziki, kisha wanakuja viumbe nusu mtu nusu nyani wakigombea dimbwi la maji, na hakuna anayetamka neno mpaka zipite dakika kama 25.

Kwanza mzee alidhani amebonyeza kipindi cha wanyama wa Serengeti. Alipohakikisha ndiyo yenyewe, akaamua kwamba runinga imeharibika kwa namna ya pekee: sauti za nyani zinatoka, za watu zimekatika. Akamwita fundi wa ving'amuzi wa pale mtaani. Fundi akaja na begi lake, akachomoa nyaya, akapuliza matundu, akachomeka, akachomoa tena. Nyani wakaendelea kugombana. Hatimaye mtu wa kwanza katika filamu akafungua mdomo, na fundi akajifuta jasho: "Si unaona mzee? Ilikuwa waya." Akalipwa. Hesabu ya malipo hayo nililetewa mimi, pamoja na maelezo marefu juu ya vijana wa siku hizi. Yule fundi, kwa upande wake, alikaa akaiangalia filamu mpaka mwisho, akachukua namba yangu, na sasa ndiye mteja wangu bora. Dakika za mwisho nazo hazina maneno, tena ni zaidi ya 20, lakini safari hiyo baba mkubwa hakulalamika. Alikuwa amelala.

Kwenye muziki wa soul, mzee huyo huyo hahitaji mdhamini. Alikuwa kijana wa mjini mwaka 1969, mwaka ambao Operesheni Vijana ilikuwa inawasaka wenye sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na soul yenyewe ikapigwa marufuku Dar es Salaam. Marufuku ilishapita zamani, ila haijamtoka mwilini. Mpaka leo akitaka kumsikiliza Otis Redding anafunga kwanza madirisha yote, hata iwe Desemba, mwezi ambao Redding alikufa kwa ajali ya ndege, mwaka 1967, akiwa na miaka 26. Mgeni anakaa pale kochini anachuruzika jasho, mzee amefumba macho. Nilipomshauri afungue japo dirisha moja alinijibu kwamba soul inayosikika mpaka barabarani siyo soul, ni matangazo.

Binti wa mama mdogo alipoolewa, kamati ya harusi ilinipa kazi ya kuchagua "nyimbo tamu za mahaba za zamani" za wakati wa chakula. Nashuku walinipa kwa sababu mchango wangu ulikuwa bado ni ahadi. Nikajaza flashi: Al Green, Aretha Franklin, Marvin Gaye, na Bill Withers na wimbo wake wa mwaka 1971, "Ain't No Sunshine". Najua, najua. Ni wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake, na nyumba imeingia giza. Lakini waliotaka ni utamu, na utamu upo. Maharusi wetu huingia ukumbini kwa nyimbo za ajabu zaidi na hakuna anayekunja uso, mradi ziwe za Kiingereza.

Tatizo lilianza kwa mjomba wa bwana harusi, aliyekaa ughaibuni miaka mingi na kwa hiyo anasikiliza maneno. Akaweka kijiko chini. "Huyu mke ameshaondoka?" akauliza meza nzima. "Hata keki hatujakata!" Kabla hajatulizwa, wimbo ukafika pale katikati ambapo Withers anarudia maneno yale yale mawili, mara 26 mfululizo. DJ akaruka kutoka kwenye sahani yake ya pilau, akachomoa flashi akijua imekwama, akaifuta kwenye shati. MC akachukua kipaza sauti: "Wageni waalikwa, tuwieni radhi kwa hitilafu ya mitambo." Nilisimama niueleze ukumbi kwamba siyo hitilafu, kwamba Withers alipoutunga wimbo ule alikuwa bado mfanyakazi wa kiwanda akitengeneza vyoo vya ndege, kwamba alikusudia kujazia pale maneno mengine, na wanamuziki wenzake studioni ndio waliomwambia aache kama palivyo. Nilifika kwenye vyoo vya ndege, ndugu wakanivuta koti nikakaa.

Hayo yote ni madogo mbele ya siku aliyokuja mama mkwe. Mke wangu aliniagiza nitafute "kitu cha familia, mama asije akaona mambo." Nikachagua *E.T.* ya Steven Spielberg, ya mwaka 1982, ambayo dunia nzima imekubaliana kuwa ni ya familia. Kiumbe wa sayari nyingine ameachwa na wenzake, mtoto anayeitwa Elliott anamficha nyumbani. Nani angekataa? Mama mkwe alikuwa na swali moja tu mwanzoni. Huko kwao yeye ni balozi wa nyumba kumi, na masuala ya wageni anayachukulia kwa uzito. "Huyu analala ndani ya nyumba ya watu siku zote hizi," alisema, "mjumbe ana taarifa?" Hakuwa anatania. Nikamwambia filamu haikueleza. "Ndiyo maana polisi wanawafuata," akasema, na kwa kweli alikuwa amewaona wanaowafuata kabla yangu.

Kisha yule kiumbe akafungua friji akakuta bia. Akanywa, akaongeza, akaanza kupepesuka jikoni. Na kwa vile yeye na mtoto wameunganishwa kwa namna isiyoelezeka, Elliott naye akalewa huko darasani. Akafungulia vyura waliokuwa wanasubiri kupasuliwa, nikapumua, nikidhani tumevuka. Hatukuvuka. Kiumbe yuko nyumbani anaangalia filamu ya zamani ambayo John Wayne anamvuta mwanamke, na huku shuleni Elliott anamvuta msichana wa darasani kwao.

Nikatafuta rimoti. Mama mkwe alikuwa ameikalia.

Kila aliyelelewa kwetu anajua kwamba hakuna mkwe duniani anayeweza kumwambia mama mkwe asogee kidogo, tena kwa sauti ya haraka. Niliona kona ya rimoti imetokeza chini ya kitenge chake, na hapo ilipotokeza ndipo palipo na kitufe cha kuongeza sauti. Mke wangu akakumbuka maji ya chai. Mimi nikaangalia pangaboi, nikahesabu mabapa yake, nikaanza kuwaza kuipaka mafuta. Mtoto wetu mdogo ndiye aliyebaki na filamu, akatutangazia: "Wanapigana busu!"

Mama mkwe hakusema kitu mpaka mwisho, ambako alilia kwa kwikwi kiumbe alipopanda chombo chake kurudi kwao. Baadaye nilisikia kwamba aliihadithia jumuiya yao nzima kama filamu ya kuonya vijana dhidi ya pombe. Lawama alinipa mke wangu peke yake.

Mafanikio pia yapo, ingawa hayatangazwi. Jirani yetu Mkikuyu, asiyependa kabisa filamu za maroketi, nilimpa *Return of the Jedi* ya mwaka 1983 bila kumwambia lolote. Humo rubani msaidizi mwenye mashavu ya kuning'inia anazungumza Kikikuyu. Sauti yake aliitoa Mkenya, Kipsang Rotich. Jirani aliruka kwenye kochi, akarudisha nyuma, akaita watoto, akarudisha tena. Tangu siku hiyo akizungumza habari za anga za juu anasema "sisi".

Kwa hiyo ukinipigia, jibu limeshaandaliwa. Ukitaka fupi, angalia *Pumzi* ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, kuhusu dunia iliyokauka ambamo watu wanachuja jasho na mkojo wao wapate maji ya kunywa. Shangazi, ambaye mtaani kwake maji hutoka kwa mgao, aliiangalia akasema haoni ubunifu wowote hapo. Ukiwa na watoto wakubwa kidogo, tafuta *Kizazi Moto* ya mwaka 2023, filamu fupi 10 za katuni zilizobuniwa na Waafrika juu ya Afrika ijayo. Otis Redding msikilize na madirisha wazi, mzee hayupo. Na *Alien* ya mwaka 1979, yenye lile tukio la mezani, usiiwashe familia ikiwa inakula. Iangalieni baada ya chakula, yaani kesho yake.